Shibiri Moja ya Ardhi: Khabari ya Vipimo na Amana ya Mwenye Kupima

Huanzwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, Aliyekiumba kila kitu kwa kadiri yake. Sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, aliyeingia Madina akawakuta watu wa mji ule ni wabaya mno wa vipimo, hata zikateremka aya za kuwaonya wapunjao, nao wakatengeneza vipimo vyao. Na ziwafikie jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Watu wengi wakisikia neno mizani huwajia akilini duka: pishi ya mchele, ratili ya samli, na mkono wa muuzaji ukibonyeza sahani upande mmoja. Walakini katika Sura ya Rahmani mizani imetajwa pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, na wafasiri wengi wamefahamu ya kuwa makusudio yake ni uadilifu katika kila jambo, si katika chuma cha dukani peke yake. Basi kamba ya mwenye kupima shamba ni mizani. Bildi ya baharia ni mizani. Dira iliyo mbele ya mshika sukani ni mizani, na uzi wa timazi ushukao ukutani mwa msikiti unaojengwa nao ni mizani. Na kila aliyeshika kimoja katika vyombo hivi ameshika amana ya watu wasiokuwapo: warithi walio wadogo, wajane wasiofika shambani, na abiria waliolala tumboni mwa chombo wasijue nahodha ameona nini.

Mwanadamu amepewa kipimo cha kwanza mwilini mwake. Shibiri ni kutoka ncha ya dole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikikunjuliwa. Shibiri mbili ni mkono mmoja, ndiyo dhiraa. Dhiraa mbili ni wari. Na wari mbili ni pima, nayo ni upana wa mikono ya mtu mzima akiinyoosha huku na huku. Na wazee wa pwani walifarikisha baina ya mkono kamili, unaokwisha nchani mwa kidole cha kati, na mkono wa konde, unaokwisha kwenye ngumi iliyofumbwa. Baina ya mikono hiyo miwili pana vidole kadha tu, na katika vidole hivyo imepita dhulma nyingi. Hucheka watu barazani wakisimuliana juu ya tajiri aliyemweka mtu mrefu wa kununulia na mtu mfupi wa kuuzia. Kicheko hicho si kizuri, kwani anayechekwa hasa ni yule maskini aliyepunjwa.

Na Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaonya watu juu ya ardhi, alikitaja kipimo hiki hiki kidogo. Imepokewa na Bukhari na Muslim ya kuwa mwenye kuchukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma, atavikwa shingoni Siku ya Kiama kwa kadiri yake kutoka ardhi saba. Hakutaja shamba wala kiunga, alitaja shibiri. Na mtu akiitazama shibiri yake mwenyewe ataona ya kuwa ni kitu ambacho hata mnazi mmoja haupandiki ndani yake. Ametaja kile ambacho mwenye kukitwaa hujiambia nafsi yake kuwa si kitu.

Katika mashamba ya pwani hupimwa kwa kamba, nayo huitwa ngwe. Na kwa kuwa kamba ndiyo iliyokata, hata kile kipande cha ardhi alichopewa mtu kukilima kimeitwa ngwe vile vile. Jina la chombo likawa jina la haki. Basi ikiwa chombo kina kasoro, na haki ina kasoro. Kamba iliyovutwa siku nyingi hurefuka, na kila kamba moja inayohesabiwa huwa ni kamba moja na kitu. Hapo hupunjwa muuzaji. Kamba iliyokatika ikafungwa fundo hufupika, na hapo hupunjwa mnunuzi. Kamba iliyolegea baina ya vigingi viwili huhesabu mapindo yake kuwa ni ardhi. Na kamba iliyopita juu ya kilima na kushuka bondeni haikupima sawa na ile iliyopita uwandani. Haya yote hutokea bila ya mtu kunuia ubaya, seuze akinuia.

Kwani iko dhulma ya kusudi, na iko dhulma ya ujinga, na hii ya pili ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mfano wake ni ndugu wawili waliogawanya urithi kwa kuzunguka. Kila mmoja akakizunguka kipande chake kwa kamba, na mzunguko wa kila kipande ukawa pima 400, wakapeana mikono wakaridhika. Walakini kipande cha mmoja ni pima 100 kwa 100, na cha mwenziwe ni pima 150 kwa 50. Mizunguko ni sawa sawa, na ardhi si sawa: cha kwanza ni pima 10,000 za mraba na cha pili ni 7,500. Mmoja amepata robo pungufu ya mwenziwe, na wote wawili wamekula yamini ya kuwa wamegawanya kwa haki. Lau angalikuwapo mtu mmoja ajuaye hisabu ya misaha, yaani kupima eneo la ardhi, neno hili lisingetokea.

Ndiyo maana wanazuoni hawakuiacha kazi hii kwa kila apitaye njiani. Abu Shujaa, ambaye kitabu chake husomwa na vijana madrasani, ameweka sharti za yule agawanyaye mali baina ya washirika, na katika sharti hizo umo uadilifu na imo hisabu. Na Imamu Nawawi katika Minhaji ameitaja ilimu ya misaha pamoja na hisabu. Uadilifu pasipo hisabu humfanya mtu akosee na moyo wake safi. Na hisabu pasipo uadilifu humfanya mtu aibe kwa kalamu. Na Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyetunga kitabu cha Al-Jabri katika zama za Khalifa Al-Ma'mun, amesema katika utangulizi wake ya kuwa amekitunga kwa yale wanayoyahitajia watu katika mirathi, wasia, kugawana, mashitaka, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Ndani yake mna mlango wa misaha, na sehemu kubwa ya kitabu ni ya wasia na mirathi. Leo watoto husoma hisabu hiyo skuli wakiona ni adhabu, wala hapana awaambiaye ya kuwa mwenye kuitunga alikuwa akiwafikiri mayatima.

Na mwenye kutaka kujua jinsi kazi ya kupima ilivyokuwa nzito mbele ya watu wa kwanza, na aitazame khabari ya Sayyidna Umar (r.a.) na ardhi ya Iraq. Nchi ile ilipofunguliwa, Umar alikataa kuigawanya kwa askari, akaiacha mikononi mwa wakulima wake kwa kutoa kharaji. Na kharaji haiwezi kuwekwa kwa haki ila ardhi ijulikane kiasi chake. Akawatuma Sahaba wawili, Uthman bin Hunayf na Hudhayfa bin Al-Yaman. Akaona kwanza neno lile lile la mikono ya watu: mmoja mrefu, mmoja mfupi, je, kharaji ya mkulima itategemea mkono wa nani? Amepokea Al-Mawardi ya kuwa Umar alitwaa dhiraa ya mtu mrefu, na ya mtu mfupi, na ya mtu wa kati, akazijumlisha akatoa thuluthi yake, akaongeza ngumi moja na dole gumba lililosimamishwa. Kisha kipimo hicho kikapigwa muhuri wa risasi ncha zote mbili, kikapelekwa kwa wale wawili, wakapimia. Muhuri ule ulikuwa ukimzuia nani? Waliotumwa walikuwa ni Sahaba wa Mtume, watu ambao hapana atakayewadhania wizi. Walakini Umar hakuiacha haki ya mkulima wa Iraq, tena asiyekuwa Muislamu, isimame juu ya dhana njema peke yake. Aliifunga kwa risasi.

Wakapima kwa jaribu, nayo ni dhiraa 60 kwa 60, yaani dhiraa 3,600 za mraba. Abu Yusuf katika kitabu chake cha Kharaji ameandika ya kuwa jumla ilifika jaribu 36,000,000. Kazi ilikwisha, mali ikaanza kuingia Madina, na mtawala mwingine angalishukuru akanyamaza. Walakini Bukhari amepokea ya kuwa siku chache kabla ya kupigwa kisu, mwishoni mwa mwaka 23 wa Hijra (644), Umar alisimama na wale watu wawili akiwauliza kama wanakhofu kuwa wameitwika ardhi mzigo isioweza kuuchukua. Wakamjibu ya kuwa wameitwika iwezayo, wala hapana ziada kubwa. Akawataka watazame tena. Wakasema, la, ni sawa. Hapo ndipo aliponena ya kuwa Mungu akimpa salama, atawaacha wajane wa Iraq hawana haja ya mtu baada yake. Hazikupita ila siku nne akapigwa. Basi katika siku zake za mwisho duniani, swali lililokuwa kinywani mwake lilikuwa ni la kipimo cha shamba.

Waliokuja baadaye walipima hata pasipokuwa na kharaji wala faida. Al-Ma'mun, aliyekuwa khalifa tangu 813 hata 833, aliwatuma wataalamu katika uwanda wa Sinjar ili wajue ukubwa wa dunia. Wakapima kimo cha ncha ya kaskazini ya mbingu, kisha kundi moja likaelekea kaskazini na kundi la pili kusini, wakipigilia vigingi na kunyoosha kamba, hata kimo kile kikapanda au kushuka daraja moja kamili. Hapo wakahesabu maili walizokwenda. Katika riwaya moja zilikuwa maili 56, na katika nyingine maili 56 na thuluthi mbili, za maili ya Kiarabu. Miaka 200 baadaye Abu Rayhan Al-Biruni hakutulia juu ya riwaya mbili zinazokhitilafiana. Alipofika ngome ya Nandana katika nchi ya Punjab, akapanda mlima ulio juu ya uwanda, akapima kimo cha mlima, kisha akapima kadiri upeo wa macho ulivyoinama, akatoa ukubwa wa dunia kwa hisabu. Huyu alikuwa ni mtu asiyekubali tafauti ya thuluthi mbili za maili katika kitu ambacho hapana atakayemshitaki kwacho.

Sasa na itazamwe bahari, kwani huko kipimo kina khabari nyingine. Waislamu wa bahari hii walikuwa na kibao kidogo cha pembe nne, kilichotobolewa kati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Wengine wamekiita kamali. Baharia huuma uzi kwa meno penye fundo, akakinyoosha kibao mbele ya jicho mpaka ukingo wa chini ukae juu ya upeo wa bahari na ukingo wa juu uguse nyota. Na fundo alilouma humwambia nyota iko juu vidole vingapi. Kidole hicho huitwa usbaa. Duara nzima ya mbingu ina usbaa 224, kwani dira ina pande 32 na kila upande una usbaa saba. Basi usbaa moja ni daraja moja na dakika 36 au karibu yake. Mwendo nao ulihesabiwa kwa zam, ambayo ni saa tatu za safari. Kwa kibao hiki, uzi na dira walikwenda Hindi na kurudi.

Mwenye kuyakusanya haya kuliko wengine ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, mwenyeji wa Julfar katika Ghuba, aliyekamilisha kitabu chake cha Fawaidi mwaka 895 wa Hijra (1490), na katika mashairi yake mna moja la njia ya Sofala. Imeenea khabari ya kuwa yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Waliochunguza vitabu vyake na vya Wareno wameikataa; na si haki kumbebesha maiti neno ambalo halikuthibiti, kwani maneno nayo yana kipimo.

Na katika lugha ya pwani alama za ilimu hiyo zimo bado vinywani mwa watu. Upande wa kaskazini mabaharia huuita jaa, nalo ni jina la nyota ya ncha ya kaskazini; na kusini huitwa suheli, nalo ni jina la nyota kubwa ya kusini. Mtu husema upepo wa suheli asijue kuwa ametaja nyota waliyoipima babu zake. Ashukaye kutoka Ghuba huiona jaa ikishuka kila usiku kwa kadiri ya mwendo wake, hata ikizama kabisa, na Mombasa, iliyo daraja 4 kusini ya Istiwai, haionekani tena. Hapo wenye ilimu walihamia kwenye nyota nyingine, Farkadani na Naashi, wakaendelea kupima. Hawakusema nyota imezama basi na tukadirie.

Kwa nini hawakusema? Kwa sababu usbaa moja ya uwongo ni maili 96 za bahari. Nahodha akiwa mvivu akasema vidole sita na ni vitano, hakumdanganya mtu mwingine. Amejidanganya mwenyewe, na mwamba utamsomea hisabu yake. Na yule asimamaye mbele na bildi, ile risasi ya kupimia kina, iliyopakwa shahamu chini ili ilete mchanga au matope ya sakafu ya bahari, akipiga ukelele pima nane na ni pima tatu, atazama na wale aliowadanganya. Ndiyo maana hajulikani baharia aongopaye katika bildi, hata akiwa ni mtu mlevi asiyesali. Bahari hulipa papo hapo.

Nchi kavu haifanyi hivyo. Mwenye kusogeza kigingi usiku huamka asubuhi mzima, jua limechomoza, na mnazi alioutwaa unazaa vile vile. Mwaka wa kwanza huogopa, mwaka wa pili husahau, mwaka wa tatu huapa mbele ya watu kuwa mpaka ulikuwa hapo tangu zamani za babu yake, na mwaka wa kumi yeye mwenyewe huamini. Kuchelewa huku ndiko kulikowaangamiza watu. Hudhani ardhi imesamehe, nayo haikufanya ila kungoja.

Iko tena neema ambayo watu wa pwani hawaikumbuki. Makka iko takriban daraja 39 na dakika 50 mashariki, na Mombasa daraja 39 na dakika 40. Basi atokaye Mombasa kuielekea Al-Kaaba ni kama aelekeaye kaskazini kamili. Unguja kibla huinama daraja moja na kitu upande wa mashariki, na Lamu daraja mbili na nusu hivi upande wa magharibi. Ndiyo sababu katika Kiswahili cha kale neno kibla hutumika kwa maana ya kaskazini yenyewe. Na watu wamehimizwa kujitahidi katika jambo hili, kwani kosa la daraja moja katika mihrabu ya Mombasa, mstari wake ukifika Makka, huwa limeikosa kwa maili 30 hivi. Dira nayo yataka ujuzi: sindano yake hailengi kaskazini ya kweli kila mahali na kila mwaka, na kipande cha chuma kilicho karibu huivuta. Imetokea mara nyingi waumini kuzozana juu ya mihrabu, huyu amekuja na dira, yule na rubu ya mwalimu wake, na ugomvi ukafika kwa Kadhi.

Ni vema kuzozana juu ya kibla kuliko kukipuuza. Walakini mtu huyo huyo aliyepandisha sauti kwa ajili ya daraja moja ya kibla, huenda amekaa kimya juu ya dhiraa kumi za kiwanja ambazo msikiti umeingia katika uwa wa mjane. Mihrabu imenyoka, na ardhi iliyo chini ya mswala imeghusubiwa. Madhehebu ya Imamu Shafii ni kuwa sala katika ardhi ya ghusubu husihi, walakini mwenye kusali ana madhambi wala hana thawabu. Na lililo mashuhuri kwa Imamu Ahmad ni kuwa haisihi kabisa. Basi na afikiri yule aliyepima kwa dira mahali pa kuelekea, asipime kwa kamba mahali pa kusimama. Na wasimamizi wa wakfu wana haki ya kuonywa zaidi, kwani shamba la wakfu halina mtoto wa kulilia, na jirani yake hulila kidogo kidogo, safu moja ya minazi kila kizazi.

Imepokewa na Muslim khabari ya Said bin Zayd, mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Mwanamke jina lake Arwa binti Uways alimshitaki kwa Marwan bin Al-Hakam, liwali wa Madina, kuwa ametwaa sehemu ya ardhi yake. Said akauliza, atwae ardhi ya mtu baada ya kumsikia Mtume kwa masikio yake juu ya shibiri moja? Marwan akasema hatamtaka ushahidi mwingine baada ya huo. Na Said hakupigania. Alimwachia kile alichokidai, kisha akaomba: ikiwa ni mwongo, Mungu ampofue macho na amwue katika ardhi ile ile. Haukupita muda ila alionekana ni kipofu, akitembea kwa kupapasa kuta, akisema kuwa dua ya Said imempata. Siku moja alikuwa akipita katika ardhi yake akatumbukia kisimani, na kisima kikawa ndicho kaburi lake. Kipofu aliyepofuka kwa ajili ya mpaka hakuweza kuuona mpaka wa kisima chake. Na amepokea Muslim vile vile kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) ya kuwa Mtume amemtaja kwa laana mwenye kubadili alama za ardhi.

Na wasidhani watu wa pwani kuwa hizi ni khabari za Madina na Iraq tu. Mwaka 1886 madola ya Ulaya yalimpimia Seyyid Barghash ukanda wa maili 10 kutoka baharini, naye akalazimika kukubali. Kisha katika pwani ya Kenya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi alete dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya Serikali ya Kiingereza. Ziko jamaa ambazo mpaka wao ulikuwa ni mwembe na maneno ya mzee. Mzee akafa, mwembe ukakatwa. Dhulma ile iko shingoni mwa walioifanya. Walakini kuacha kupima, kuacha kuandika na kuacha kushuhudiza, na hali Mwenyezi Mungu ameamrisha maandishi hata katika deni, nako ni uzembe ambao watoto wameulipia. Leo wapimaji huja na vyombo vinavyopokea ishara kutoka setilaiti, hupata mahali kwa kadiri ya kidole. Na asubuhi ya pili jiwe la mpaka hukutwa limehamia upande wa pili wa mnyaa. Chombo kimeendelea mbele, mkono ni ule ule.

Basi aliyekwisha kutwaa, afanyeje? Toba ya mwenye kusema uwongo ni kujuta, kuacha na kuazimia kutorejea. Ama toba ya mwenye ardhi ya watu haitimii kwa machozi wala kwa sadaka ya ubani na maulidi. Sharti airejeshe. Pia yampasa kulipa ujira wa ardhi hiyo kwa muda wote alioishika, kama ingalipangishwa, hata akiwa hakuilima. Akiwa amepanda minazi au amejenga, mwenye ardhi ana haki ya kumtaka aing'oe na auvunje, na kulipa kasoro iliyoingia, kwani Mtume amebainisha ya kuwa mzizi wa dhalimu hauna haki. Akiwa mwenye ardhi amekufa, hurejeshewa warithi wake kila mmoja kwa fungu lake, na binti asisahauliwe. Akiwa hajulikani wala hatarajiwi kujulikana, jambo hupelekwa kwa Kadhi mwadilifu aliweke katika maslaha ya Waislamu. Na aliyeirithi ardhi kwa baba yake asijue kuwa mna haki ya jirani, hana dhambi kwa siku alizokuwa hajui. Walakini tangu siku aliyojua, kila uchao ni ghusubu mpya, na udhuru wa kusema ameikuta hivyo haumfai kitu. Ama mpimaji aliyepokea pesa ili avute kamba upande mmoja, pesa hizo ni haramu kwake, naye ni mshirika wa mwenye kuitwaa ardhi.

Na kazi ya kurejesha hufanywa mchana. Huitwa jirani, na mashahidi wawili waadilifu, na mtu mmoja ajuaye misaha. Kamba hupimwa kwanza mbele ya wote ili ijulikane ni dhiraa ngapi. Huanzwa kupimwa kutoka alama isiyokuwa na ubishi, kama kisima au ukuta wa kaburi la zamani. Kisha huandikwa, na majina hutiwa chini. Kigingi kikishapigiliwa, hupandwa mnyaa pande zote mbili zake, na mwenye kukirejesha ndiye aushikaye mche wa kwanza.

Wallahu aalam.